Heri gari lisiloficha umri wake

Katika mtaa wetu wa Tena, gari halinunuliwi na mtu mmoja. Mwenye fedha huwa ni mmoja, naam, lakini washauri ni wengi. Yupo jirani wa ghorofa ya tatu ambaye binamu yake huuza magari. Yupo kinyozi aliyewahi kuwa utingo wa lori la kwenda Malaba. Wapo vijana waoshao magari kando ya barabara ya Manyanja, ambao hukutajia kasoro za gari lako hata kabla hujazima injini. Tena yupo mama muuza mboga, ambaye hajawahi kushika usukani maishani mwake, ila hana shaka hata chembe kwamba gari jeupe ndilo linalouzika upesi. Nilipotangaza, mwezi Agosti mwaka 2022, kwamba nimeazimia kununua gari, baraza hili lote lilikaa bila kuitwa.

Nilikuwa na sababu. Mama yangu mzazi anaishi Kitui, ng'ambo ya mto wa mchanga. Kwa msomaji asiyeijua Ukambani, mto wa namna hiyo kwa sehemu kubwa ya mwaka hauna maji ya kuonekana. Ni uwanja mrefu wa mchanga ambamo watu huchimba visima na punda hupita na mitungi. Novemba ya mwaka 2021 mama alizidiwa usiku na shinikizo la damu. Teksi iliyoitwa kutoka mjini ilifika ukingoni, dereva akaumulika mchanga uliolowa, akageuza gari. Hakuna gari la busara livukalo mafuriko, na simlaumu. Lakini usiku ule hapakuwa na mafuriko, palikuwa na mchanga tu, na gari lake dogo lingezama hadi tumboni. Mama alivushwa kwa mkokoteni wa punda. Alipona. Mimi ndiye sikupona, kwa maana kila wingu lililotanda Nairobi kuanzia siku ile nililiona limetanda juu ya mto ule.

Kwa hiyo nilitaka gari refu, lenye nguvu ya injini kufika kwenye magurudumu yote manne. Mshahara wa mwalimu haununui gari kama hilo likiwa jipya, na wala haulinunui likiwa limetoka melini juzi. Tangu uagizaji wa magari yaliyotumika ulipolegezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, Mkenya wa kawaida hununua kile ambacho Mjapani amekwisha kukichoka. Kabla ya hapo, viwanda vya kuunganisha magari vya Thika, Nairobi na Mombasa, vilivyoanzishwa katika miaka ya 1970, ndivyo vilivyotulisha, na mwalimu aliyemiliki Peugeot 504 alihesabiwa miongoni mwa wakubwa wa wilaya. Siku hizi gari lililotumika haliingii nchini ikiwa limepita miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Majirani zetu wa Uganda waliweka kikomo cha miaka 15 mnamo mwaka 2018. Maana yake ni kwamba ukilikuta gari la umri wa miaka 19 hapa Nairobi, halikushuka bandarini jana. Limelala katika nyua zetu, limepanda matuta yetu, na limepita mikononi mwa mafundi wetu, wema kwa wabaya. Herufi za usajili zitakudokezea muda liliokaa nasi: mfululizo wa KAA ulianza mwaka 1989, KBA ukafuata mwaka 2007, KCA mwaka 2014, na KDA mwaka 2020. Jambo ambalo herufi hazisemi ni umbali ambao gari limekwenda.

Na umbali ndio uliozua mjadala wa Tena.

Magari yaliyobaki katika mizani yalikuwa mawili, ya aina moja. Sitaitaja kampuni iliyoyaunda, kwa sababu najua barua nitakazopokea kutoka kwa mashabiki wa kampuni nyingine. La kwanza liliundwa mwaka 2004. Nililikuta katika uwanja wa dalali, limesuguliwa likang'aa kama kiatu cha askari wa gwaride. Mita yake ya kilomita ilionesha 96,000, na bei ilikuwa shilingi 850,000. La pili liliundwa mwaka 2003, lilikuwa limefubaa rangi kwenye boneti, na lilikuwa la mwalimu mstaafu wa jiografia aliyeishi Donholm, hatua chache tu kutoka kwetu. Mita yake ilionesha kilomita 287,340. Mzee aliomba shilingi 620,000 na chai.

Baraza la Tena halikuhitaji muda. Kinyozi alisema kwamba gari lenye maileji ya namna ile limekwisha kufa, ila halijaambiwa. Jirani wa ghorofa ya tatu alinikumbusha kwamba nitakuwa nikilipa mkopo wa ushirika kwa miezi 48, na kwamba ni aibu kulipia jeneza kwa muda wote huo. Mama watoto hakusema kitu mbele ya watu. Usiku aliniuliza swali moja: "Baba, likizimika Kitui usiku, utamwita nani?"

Sikuwa na jibu, na kwa kuwa mimi hufunza hisabati, nilifanya lile ambalo walimu wa hisabati hufanya wanapokosa jibu. Niliwapelekea wanafunzi wa kidato cha pili. Niliandika ubaoni: gari la miaka 18, kilomita 96,000. Wakagawa. Ni kilomita 5,333 kwa mwaka, yaani chini ya kilomita 15 kwa siku, umbali usiotosha hata kwenda kutoka Tena hadi katikati ya jiji na kurudi. Kisha wakagawa lile la pili: kilomita 287,340 kwa miaka 19 ni takriban kilomita 15,100 kwa mwaka, au 41 kwa siku. Nikawauliza ni lipi kati ya hayo mawili linalofanana na gari la Mkenya wanayemjua. Mvulana mmoja akanyanyua mkono: "Mwalimu, huenda lile la kwanza liliegeshwa tu." Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Yapo magari ya wajane na ya watu walio ughaibuni ambayo hukaa miaka bila kusogezwa. Nikawaambia basi nililoliona mimi mwenyewe: mpira wa kanyagio la breki ulikuwa umelika hadi chuma kikachungulia, na ngozi ya usukani ilikuwa imebambuka mahali mikono ikaapo. Msichana wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida huamka darasa likikaribia kwisha, akasema, "Ikiwa liliegeshwa, kanyagio lililiwa na nani?"

Ndugu msomaji, kurudisha nyuma mita ya kilomita si kazi ya kichawi. Zile za zamani, zenye tarakimu za kuzunguka, zilichokolewa kwa bisibisi. Hizi za kisasa huunganishwa na kompyuta ndogo, na kwa muda wa kunywa kikombe cha chai gari hupoteza miaka kumi. Japani yenyewe haina uhaba wa kumbukumbu: gari la binafsi hukaguliwa kwa lazima linapotimiza miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na karatasi ya mnada huandikwa kilomita pamoja na daraja la hali ya gari. Ushahidi hupotea likishakuwa letu. Logibuku hutaja nambari ya chesisi, nambari ya injini, mwaka wa kuundwa, rangi na jina la mwenyewe. Haitaji kilomita. Unaweza kuuliza katika kumbukumbu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, na ni wajibu wako kuuliza kabla ya kutoa hata shilingi, ujue kama muuzaji ndiye mwenye gari. Ila ukitaka kujua gari limekwenda wapi na mara ngapi, unarejea kwa dalali na tabasamu lake.

Marekani ilitunga sheria mwaka 1972 inayomtaka muuzaji aandike kilomita, au kwao maili, wakati umiliki unapohamishwa, na kumwadhibu achezeaye mita. Nchini Uingereza maili husomwa katika ukaguzi wa kila mwaka, na yeyote anaweza kuitazama historia hiyo bila malipo. Sioni kinachotuzuia sisi kuongeza mstari mmoja katika fomu ya kuhamisha umiliki. Wizi hautakwisha, lakini mwizi atalazimika kusema uongo wake kwa maandishi, na uongo wa maandishi huzeeka vibaya.

Mzee wa Donholm hakungoja sheria. Nilipomaliza chai yake aliingia chumbani akatoka na daftari la kurasa 200, lile la jalada gumu ambalo sisi walimu huliandikia mpango wa kazi. Alilifungua kwa mpangilio wa somo. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na nakala ya cheti cha ukaguzi wa kabla ya gari kusafirishwa, mwaka 2010, kilichoonesha kilomita 91,000 na ushei. Kurasa zilizofuata zilikuwa na safu nne zilizopigwa kwa rula: tarehe, kilomita, kazi iliyofanywa, bei. Oili kila kilomita 5,000, bila kuruka. Mkanda wa taiming pamoja na pampu ya maji, mara mbili. Bushi za mbele, mara tatu. Shokamzoba. Betri. Mahali pamoja aliandika, "Nimegonga mbuzi, Matuu, taa ya kushoto," na pengine, "Fundi huyu asirudiwe." Nilimwuliza gari limekuwa likienda wapi. Alijibu kwamba mashambani kwake ni Bungoma, na kwamba tangu alipostaafu huenda na kurudi kila wiki mbili.

Hapo ndipo nilipoanza kuuona mzigo wa tarakimu ile kwa jicho jingine. Kilomita 287,000 ni kuizunguka dunia mara saba na zaidi. Inatisha. Walakin kilomita hazifanani. Injini huumia zaidi wakati wa kuwashwa ikiwa baridi, kabla oili haijapanda na kufika kila mahali. Gari lililowashwa asubuhi Nairobi na kuzimwa mchana Bungoma limewashwa mara moja kwa kilomita 400. Gari la Tena liendalo sokoni, shuleni, kanisani, kisha likasimama saa nzima katika msongamano wa Jogoo Road, huwashwa mara nne na injini kunguruma muda mrefu bila mita kusogea hata hatua moja. Mita haihesabu saa za kusimama. Haihesabu matuta wala vumbi lililoingia kwa sababu kichujio cha hewa hakikubadilishwa. Na upo upande wa pili, ambao wapenda maileji ndogo husahau: mpira huzeeka hata ukikaa kivulini. Bushi, mabomba ya maji na mikanda havingoji kilomita, huhesabu miaka.

Hayo sikuyatunga. Niliyapata kwa fundi wangu wa Kariobangi Light Industries, mtu mwembamba asiyependa maneno, ambaye nilimlipa aje Donholm saa kumi na mbili asubuhi. Alikuwa ameniagiza nimwombe mzee asiwashe gari kabla hajafika. Jambo la kwanza alilofanya ni kuweka kiganja juu ya boneti kuhakikisha kwamba ni baridi, kwa sababu gari lililopashwa moto mapema huficha ugonjwa wake wa asubuhi. Alifungua kifuniko cha rejeta akatafuta mafuta yanayoelea juu ya maji. Akafungua cha oili akatafuta utando mweupe kama wa maziwa, ambao ni ishara kwamba maji yameingia mahali pa oili. Ndipo akaiwasha injini akaenda kusimama nyuma, akitazama moshi. Wa samawati humaanisha oili inaungua, mweupe usiokwisha ni maji, mweusi ni mafuta yasiyoungua sawasawa. Alipima mgandamizo wa silinda moja baada ya nyingine, akalala chini ya gari na tochi kwa robo saa nzima. Alipotoka alijipangusa, akasema, "Mwalimu, hili limetembea sana. Lakini limetembea likiwa limeshikwa mkono."

Nilimkumbuka Joginder Singh. Waliosoma magazeti ya kale wanajua kwamba yeye na nduguye Jaswant walishinda mashindano ya Safari mwaka 1965 wakiwa katika Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Ilikuwa imekwisha kutumiwa mashindanoni na timu ya kampuni yenyewe, wao wakaichukua na kuirekebisha. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva wa sifa, na kila msumari wa gari lile aliujua. Silinganishi Bungoma na Safari, wala mzee wangu na bingwa yule. Nasema tu kwamba nchi hii imewahi kuona gari kuukuu likiyaacha mapya vumbini, na watu wakapiga makofi.

Nililipa shilingi 600,000, maana hata mwalimu mstaafu hupunguza kidogo. Nilitenga nyingine 110,000, nikawaapia mama watoto na nafsi yangu kwamba hazitaguswa ila kwa gari. Ziliguswa mwezi wa kwanza: mkanda wa taiming, kwa kuwa daftari lilionesha umekaribia muda wake. Mkanda huo haukohoi kabla ya kufa, na ukikatika katika injini za aina nyingi, pistoni huzigonga vali na gharama ya kutengeneza hukaribia bei ya gari. Zilizosalia ziliishia kwenye oili ya giaboksi, oili ya difu za mbele na za nyuma, na bushi. Yeyote anunuaye gari la kilomita nyingi bila akiba ya namna hiyo amenunua nusu ya gari. Nisidanganye pia kuhusu mafuta: linakunywa. Mwalimu asiye na mto wa kuvuka, na ambaye safari zake ni za lami, namshauri anunue gari dogo, au apande matatu kama nilivyopanda mimi kwa miaka 20, alale bila mawazo.

Mpaka ninapoandika haya, mita imepita kilomita 305,000. Mto nimeuvuka mara nyingi, mchana na usiku, ukiwa mchanga mkavu na ukiwa mchanga uliolowa. Kinyozi bado anasema limekufa.

Lakini kuna siku moja ambayo sina budi kuieleza. Aprili ya mwaka 2023 nilikuwa nikimleta mama Nairobi kwa daktari. Tulipokaribia Wamunyu, kule kwa wachonga vinyago mashuhuri, sindano ya joto ilianza kupanda. Ndani ya jalada la daftari mzee aliandika kwa wino mwekundu: "Sindano ikipanda, simama. Usijiambie utafika." Nilisimama palepale, nikazima. Mvuke ulikuwa ukitoka chini ya boneti. Bomba la juu la rejeta lilikuwa limepasuka kwa urefu, kama ganda la haragwe.

Mama aliketishwa na wachongaji chini ya mti, akapewa maji, akawa anapapasa twiga mmoja ambaye hajamalizika miguu. Kijana wa bodaboda alimleta fundi, na fundi akaleta kipande cha bomba la lori, akakikata kwa kukadiria, akakifunga kwa klipu mbili. Ilichukua saa mbili na shilingi 1,800. Kwa kuwa injini haikuchemka kwa muda mrefu, silinda hedi ilisalimika. Miadi ya daktari ndiyo ilitupita, tukapewa nyingine baada ya wiki tatu, na wiki tatu kwa mtu wa umri wa mama si kitu cha kuchezea.

Nilipokuwa nikingoja nililitoa daftari kwenye kisanduku cha mbele nikalipekua kurasa za nyuma. Niliikuta, kwa mwandiko wa mzee usio na haraka: mwaka 2014, kilomita 158,900, mabomba ya rejeta yote mawili, na kando yake, "Yabadilishwe baada ya miaka minane." Nilikuwa nimeusoma mstari huo siku niliponunua gari. Niliupigia hata alama ya penseli. Kisha nikauacha, kwa kuwa mabomba yalionekana mazima na shule zilikuwa zinafunguliwa. Zaidi ya hayo, chini ya mwandiko wa mzee hapakuwa na mstari wangu hata mmoja tangu Agosti. Miezi minane, mkanda, oili, bushi, na sikuwa nimeandika neno.

Nilipiga safu kwa kutumia ukingo wa kitambulisho changu, nikaandika tarehe, kilomita 291,406, bomba la juu la rejeta, Wamunyu, shilingi 1,800. Mama, ambaye macho yake hayasomi tena, aliniuliza ninaandika nini. Nikamsomea. Akanyamaza kidogo, mkono wake bado ukiwa juu ya yule twiga, akauliza kama nimeandika pia lilipasuka kwa sababu gani. Nilirudi kwenye safu ya tatu, nikaongeza: "Niliambiwa."